Mgonjwa Aendaye kwa Tabibu Hali Amelewa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya: katika darasa yetu hii twataka kuzungumza jambo ambalo watu wa miji yetu ya pwani wanalijua wote, lakini hulisema kwa kunong'ona. Nalo ni hili la mgonjwa kwenda hospitali, au kwa daktari wa meno, au katika zahanati ya presha na sukari, hali akili yake imekwisha guswa na kileo. Jambo hili limewagharimu watu wengi afya zao, na wengine limewagharimu roho zao. Na wengi katika hao hawakuuawa na kileo peke yake, bali waliuawa na kule kufichwa kwake. Kwa hivyo tumeona si vyema kulinyamazia.

Makusudio yetu ni yepi

Tunaposema kulewa hatukusudii tembo la mnazi na chang'aa na pombe za chupa tu. Twakusudia kila kitu kiingiacho mwilini kikaigeuza akili, au kikageuza mwendo wa moyo na pumzi: unga, yaani heroini, bangi, vidonge vya usingizi viuzwavyo kwa magendo, ambavyo vijana huviita bugizi, na pia miraa na muguka. Twajua kwamba vitu hivi havina hukumu moja kwa wanazuoni wote. Tembo na unga hayana mabishano, na miraa ina maneno marefu. Mwezi wa Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, na mahakama ikaisimamisha amri ile, watu walijadiliana barazani hata wakachoka. Sisi leo hatuingii katika mjadala huo. Suala letu ni jingine: mtu aliyekwisha kukitumia kitu hicho, naye sasa amekaa mbele ya tabibu, yampasa nini? Na sisi tuliomchukua mkono tukampeleka, yatupasa nini?

Na watu hawa si wa namna moja. Yuko anayekunywa kwa hofu, kama yule aendaye kung'olewa jino akaona ajipe moyo kwa gilasi mbili. Yuko anayetuliza maumivu kwa alichokipata, kwa kuwa daktari yuko mbali au fedha hazipo. Yuko aliyekwisha kuwa mtumwa wa unga, ambaye hawezi kusimama katika foleni tangu alfajiri bila ya kushikwa na arosto. Na yuko, tena huyu ndiye mwingi kuliko wote, ambaye hakioni alichokifanya kuwa ni kitu: ametafuna muguka tangu baada ya Alasiri mpaka usiku wa manane, kisha asubuhi yuwaenda kupimwa presha. Ukimwambia amekwenda na ulevi atakasirika. Lakini mwili haujui hasira zake; mwili hufuata kilichomo ndani yake.

Akili ni amana

Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba Sharia imekuja kuyahifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Aendaye kwa tabibu huenda kwa ajili ya kuihifadhi nafsi. Akienda hali akili yake haipo, basi amekwenda kulinda kimoja kwa kukipoteza kingine, na mwisho huenda akavipoteza vyote viwili.

Na katika jambo hili kuna mazingatio makubwa ndani ya Sura ya An-Nisaa, aya ya 43. Kabla ya kuharimishwa ulevi moja kwa moja katika Sura ya Al-Maida, Waislamu walikatazwa kuikaribia Sala wakiwa wamelewa. Na mpaka wa katazo hilo ukawekwa katika kujua mtu ayasemayo. Tazama vizuri hiyo sababu, ambayo wanazuoni wa Usuli huiita illa. Haikutajwa harufu ya kinywa wala kuyumba kwa miguu. Imetajwa kauli: kwamba mtu awe yuwajua maneno yatokayo kinywani mwake.

Sasa hatusemi kwamba matibabu ni Sala. Lakini twasema kwamba kila kisimamo ambacho ndani yake maneno ya mtu yana uzito, na kosa lake lina hasara, chataka akili iliyo timamu. Asimamaye mbele ya kadhi kutoa ushahidi ni hivyo, aandikaye wosia ni hivyo, na akaaye mbele ya tabibu kueleza maradhi yake ni hivyo hivyo. Tabibu hana njia ya kuingia ndani ya mwili wako illa kwa milango michache, na mlango ulio mpana kuliko yote ni ulimi wako.

Yanayoharibika mgonjwa anapolewa

La kwanza ni maelezo. Tabibu huuliza: maumivu yalianza lini, yako wapi, yamehama, umetapika, umekula dawa gani? Mtu mwenye pombe kichwani hujibu kila suala kwa ndiyo ili aondoke upesi. Na mwenye unga mwilini huenda asihisi maumivu kabisa, kwa kuwa heroini ni katika jamii ya dawa zinazoua maumivu. Mtu aweza kuwa kidole tumbo chake kimekaribia kupasuka, naye akasema tumbo limetulia, akarudishwa nyumbani. Usiku ule unga ukimwishia, ndipo ajue alichokuwa nacho.

La pili ni vipimo. Katika jani la miraa na muguka mna kitu kiitwacho kathinoni, ambacho wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikitambua mwaka 1975. Kitu hiki hupotea jani likikauka, ndiyo maana watafunaji hulitaka likiwa bichi. Nacho huupeleka moyo mbio na huipandisha presha kwa muda wa masaa. Basi mtu akipimwa katika hali hiyo, daktari hupata hesabu isiyo yake. Huenda akaandikiwa vidonge vya kila siku asivyovihitaji. Na huenda ikawa kinyume: daktari akayanusa majani, akasema hii ni miraa tu, kumbe chini yake pana presha ya kweli inayomla figo na mishipa. Hata kahawa yetu ya barazani na sigara zina sehemu yao katika hili. Ndiyo maana mtu huambiwa ajizuie navyo kwa muda wa dakika 30 kabla ya kupimwa presha, akae kitako, atulie. Ikiwa kikombe cha kahawa chaharibu kipimo, je, usiku mzima wa kutafuna?

La tatu ni dawa. Dawa nyingi za hospitali hukutana na kileo ndani ya mwili, na hukumu ya makutano hayo si ya mgonjwa wala ya daktari asiyeambiwa. Pombe, unga, bugizi na dawa za usingizi za hospitali zote hufanya kazi moja: hupunguza pumzi. Kila kimoja peke yake huenda kikastahamiliwa. Vikikutana viwili au vitatu, mtu hulala asiamke. Hata miraa, ambayo watu huiona nyepesi, imeonekana katika uchunguzi uliofanywa Yemen na kutangazwa mwaka 1997 kwamba huizuia dawa ya ampisilini isiingie vizuri katika damu mtu akiimeza huku anatafuna. Basi mgonjwa hulalamika kwamba dawa za siku hizi hazina nguvu, kumbe yeye ndiye aliyezifungia njia.

La nne ni kisu. Mgonjwa wa kupasuliwa huamrishwa asile kwa muda wa masaa sita, na maji matupu aache masaa mawili kabla. Sababu yake ni kwamba akilazwa kwa dawa, koo lake halijilindi tena; kilichomo tumboni chaweza kupanda kikaingia mapafuni, na hiyo ni hatari ya mauti. Aliyekunywa pombe asubuhi yake, au aliyemeza maji ya muguka usiku kucha, huyo tumbo lake si tupu hata akiapa. Na dawa ya usingizi nayo hugeuka kipimo: aliyelewa wakati ule huhitaji ndogo kuliko wenziwe, na mlevi wa miaka mingi aliyefika mkavu huenda akahitaji kubwa zaidi. Mwenye kulaza wagonjwa asipojua ni yupi aliye mbele yake, amepewa kazi ya kupiga ramli.

La tano ni ridhaa. Hafai mtu kukatwa kiungo wala kupasuliwa bila ya yeye kuelezwa na kukubali, na sheria ya afya ya Kenya ya mwaka 2017 imelisisitiza jambo hili. Na ridhaa ya mlevi ni ridhaa gani? Kesho akizindukana atasema hakuambiwa, naye atakuwa msema kweli kwa upande wake. Kwa hivyo kazi isiyo ya haraka huakhirishwa mpaka mtu atulie, na kuakhirishwa huko si dharau, bali ni kumhifadhia haki yake.

Jawabu kwa wenye kusema: "Mwenyezi Mungu amesitiri, nami najisitiri"

Twajua hoja watu wanayoitoa. Wasema: sisi tumefundishwa kwamba mtu akifanya maasia usiku, na Mola wake akamsitiri, asiamke asubuhi akajitangaza. Basi vipi nimwambie daktari kwamba mimi hunywa, au kwamba mwanangu hutumia unga?

Twajibu kwamba mafunzo hayo ni ya kweli, lakini yamewekwa mahali pasipo pake. Anayekatazwa ni yule ajitangazaye kwa kujifahiri au kwa kutojali. Ama asemaye kwa haja, kwa mtu mmoja aliye na elimu ya kumsaidia, huyo si mwenye kujitangaza. Je, si haramu mtu kuufunua uchi wake? Na je, hawakujuzisha wanazuoni kuufunua mbele ya tabibu kwa kadiri ya haja? Basi ikiwa uchi wa mwili hufunuliwa kwa matibabu, siri ya mwili nayo hufunuliwa kwa kadiri hiyo hiyo: husemwa kwa tabibu, haisemwi ukumbini mwa kungojea, na husemwa kinachohusu dawa, haisemwi hadithi nzima ya nani alinipa na tulikuwa wangapi.

Na tabibu naye amefungwa na amana. Mwenye kutakwa ushauri ni mwenye kuaminiwa, hayo ni mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), na sheria za nchi nazo zamtaka mganga aifiche siri ya mgonjwa. Muuguzi atokaye hapo akaenda kusimulia harusini kwamba fulani bin fulani alikuja akinuka tembo, huyo amekula nyama ya nduguye na amevunja ada ya kazi yake kwa mara moja.

Tena tutazame madhara ya kuficha, maana hapa ndipo panapokufa watu. Tuchukue mfano wa mzee wa heshima aliyevunjika mguu, akalazwa. Watu wa nyumbani wanajua kwamba kwa miaka mingi hakupitisha siku bila ya kunywa, lakini wanaona haya kumwambia daktari. Pombe ikikatika ghafula kwa mtu kama huyu, mwili hufanya fujo: katika siku ya kwanza mikono hutetemeka na jasho humtoka, siku hiyo au ya pili huenda akaanguka kifafa, na siku ya pili mpaka ya nne huenda akapoteza fahamu, akaona wadudu ukutani, akazungumza na watu wasiokuwapo. Watu wetu watasema nini? Watasema kapandwa na pepo. Atatafutwa mganga, yatachomwa mavumba, na pengine atatolewa wadini kwa nguvu apelekwe kupungwa. Nayo ni maradhi yenye jina na yenye dawa katika vitabu vya utabibu, na yakiachwa yaweza kuua. Neno moja tu siku ya kwanza, kwamba mzee huyu hunywa kila siku, lingalimwokoa.

Na hali ya mtumiaji wa unga ni kama hiyo kwa njia nyingine. Masaa manane au kumi na mawili baada ya dozi yake ya mwisho huanza arosto: miayo, mafua, vinyweleo kusimama, tumbo kuendesha, mifupa kuuma. Kwa kawaida arosto yenyewe haimuui mtu mzima, lakini humtoa kitandani. Huuacha mguu wenye kidonda, au dawa za kifua kikuu, akaruka ukuta kwenda kutafuta unga. Angalisema, angalipewa cha kumtuliza mpaka amalize matibabu. Na mama mwenye mimba asithubutu kukata ghafula peke yake kwa kuona haya kwenda kliniki, maana kukata huko kwaweza kumdhuru aliye tumboni. Na mtoto azaliwapo huenda naye akashikwa na arosto katika siku zake za mwanzo, ambayo wakunga wakijua mapema huitibu.

Si kila ayumbaye amelewa

Hapa twageuza uso kwa wenye kutibu, na kwa sisi wapita njia. Mtu mwenye maradhi ya sukari, akichoma sindano ya insulini kisha asile, sukari yake hushuka. Ikishuka, hutoka jasho, huyumba, ulimi huwa mzito, hutukana asiokusudia kuwatukana. Umbo lake ni umbo la mlevi sawasawa. Pia aliyepigwa kichwani, na aliyeanza kupooza upande mmoja, na aliyepandwa na malaria ya ubongo, na aliyetoka katika kifafa, wote huenda wakaonekana hivyo.

Na jambo hili huzidi ugumu kwa sababu hali mbili zaweza kukutana. Mlevi naye huanguka akapasuka kichwa. Mlevi naye huugua sukari, tena pombe huizuia ini isitoe sukari yake, hasa kwa mtu aliyeshinda na njaa. Kwa hivyo harufu ya kinywa si ushahidi wa kutosha. Tone moja la damu kidoleni hupambanua katika dakika moja kama sukari imeshuka. Basi kwa nini mtu aachwe benchini mpaka asubuhi kwa kuambiwa alale kwanza pombe imtoke? Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, mtu mmoja alijeruhiwa kichwani safarini, na wenziwe wakampa fatwa bila ya elimu kwamba lazima aoge, akaoga akafa, na Mtume (s.a.w.) akawalaumu kwa ukali, akawafundisha kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Anayehukumu ulevi kwa jicho tu, bila kupima, yuwakaribia kosa la watu wale.

Na aliyezidiwa na unga ana alama zake: mboni za macho hupunguka zikawa kama tundu la sindano, pumzi huwa chache, midomo hugeuka rangi. Huyo hangojwi. Iko dawa iitwayo nalokisoni, ambayo humzindua katika dakika chache. Lakini nguvu yake huisha mapema, pengine katika nusu saa au saa moja na nusu, na unga ukawa bado umo mwilini. Kwa hivyo aliyezinduliwa haachwi akaenda zake, bali huangaliwa.

Haki ya mlevi kutibiwa

Wako watu, tena watu wa dini, wasemao: amejitakia mwenyewe, kwa nini achukue kitanda cha mcha Mungu? Neno hili ni baya, na halina asili. Imepokewa na Bukhari kwamba mtu aliyekuwa amekunywa aliletwa kwa Mtume (s.a.w.), akatiwa adabu, na mmoja wa waliohudhuria alipomwombea hizaya, Mtume alimkataza, akaeleza kwamba huko ni kumsaidia Shetani juu ya ndugu yao. Zingatia kwamba hukumu haikuondolewa, na udugu nao haukuondolewa. Basi sisi tusiokuwa makadhi, tusiokabidhiwa adabu ya mtu, tuna haki gani ya kumwondolea vyote viwili?

Na katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imekataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Haikusema illa mlevi, wala haikusema illa wale ambao mitaani huitwa mateja. Ikiwa sheria iliyotungwa na watu haikumtupa, itakuwaje wenye kudai rehema ya Uislamu wamtupe?

Tena iko dhuluma nyingine iliyofichika. Mtumiaji wa unga aliyevunjika mfupa huambiwa kwamba maumivu yake ni ujanja wa kutaka dawa. Kweli, wako wajanja. Lakini mwili uliozoea heroini hauitikii kipimo cha kawaida cha dawa ya maumivu. Mara nyingi wahitaji zaidi, si pungufu. Kumwacha mtu alie usiku kucha ili apate fundisho si utabibu. Wala hatusemi wauguzi wavumilie matusi na ngumi. Aliyelewa akafanya ukorofi huzuiwa kwa kadiri ya haja, na jamaa zake ni wajibu wao kusimama pale wamzuie, si kumtupa langoni wakakimbia.

Dawa ya ulevi wenyewe

Mwenye kufika kwa daktari hali amelewa amefika, kwa bahati, mahali ambapo ulevi wenyewe waweza kuanza kutibiwa. Mwisho wa mwaka 2014 serikali ilianza kutoa dawa ya methadoni kwa watumiaji wa heroini katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwanzoni mwa 2015 ikaanza Malindi, kisha ikafunguliwa mahali pengine pwani. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya muuguzi, kwa kipimo; haimpi ule ulevi wa unga, bali humwondolea arosto, akapata kutafuta riziki yake na kurudi kwa watoto wake.

Watu wameuliza: je, si kubadilisha ulevi kwa ulevi? Twajibu kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamejuzisha mtu kupewa dawa isiyo pombe ya kumwondolea fahamu ili akatwe kiungo kilichooza, kwa sababu ya haja ya kuiokoa nafsi. Ikiwa akili nzima yaondolewa kwa muda ili kuponya kiungo, basi dawa ipewayo kwa kipimo ili kuirudisha akili iliyokwisha potea ni aula zaidi, maadamu waliotoa shauri ni matabibu wajuzi na waaminifu. Ama achukuaye methadoni kisha akaongeza bugizi na tembo juu yake, huyo amejiundia mauti. Na aliye katika dawa hii akiugua kifua kikuu lazima aseme, kwa kuwa rifampisini huipunguza nguvu methadoni mwilini, na arosto ikarudi, akadhani dawa imemsaliti.

Muhtasari

Basi katika haya tuliyoyasema twakumbusha mambo machache. Siku ya kwenda kwa tabibu, jizuie na kila kitu kigeuzacho akili na moyo, na usiku wake pia. Ukiwa na hofu, mwambie daktari unaogopa, anayo njia ya kukutuliza. Lakini mwenye kunywa kila siku asikate ghafula bila ya shauri la tabibu; aende na aseme. Ikiwa umekwisha kutumia, usikose kwenda kwa ajili hiyo, bali sema umetumia nini, kiasi gani na saa ngapi. Jamaa wa mgonjwa waseme kwa niaba yake asipoweza, faraghani. Mwenye maradhi ya sukari awajulishe jirani zake alama za sukari kushuka. Na sisi sote tuache kuita watu majina ya kuwavunja, kwani aitwaye kwa jina la aibu hujificha, na ajifichaye hafikiwi na dawa.

Kujitupa katika maangamizo kumekatazwa. Na kumwona mwenzio yuwaangamia ukanyamaza kwa kuona haya, hilo nalo utaulizwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, azirudishe akili za vijana wetu, na azifanye ndimi zetu kuwa za kweli mahali panapotakiwa ukweli. Amin.

Wa billahi ttawfiq.